Sanduku Chini ya Kiti cha Dereva

27 Aprili

Lorraine, mke wangu, amenipa daftari hili na kuniambia niandike humu yale ninayomweleza kila siku mezani, ili naye apate kula kwa amani. Haya. Mimi ni Verlin Stoltz, miaka sabini na miwili, mkaguzi wa gia kiwandani kwa miaka thelathini na minne, na jaji mkuu wa magari ya kale ya jeshi katika chama chetu hapa kaskazini mwa Indiana tangu 1991. Nayasema haya mapema ili mjukuu atakayeliokota daftari asidhani lilikuwa la mtu wa kubahatisha.

Leo tumefanya kikao cha kwanza cha msimu, maktabani. Maonyesho makubwa ni tarehe 23 Agosti, uwanja wa kaunti. Magari arobaini na moja yameshajiandikisha. Jina la ishirini na sita lilinisimamisha: Marcy Ruckle, lori la robo tatu ya tani, la 1943. Ni lori la baba yake, Delbert, tuliyemzika Novemba. Delbert alipata medali ya dhahabu mwaka 1997, lakini kanuni yetu inasema gari likibadili mwenyewe hupimwa upya. Binti anataka dhahabu irudi. Namtakia heri, na nitampima kama ninavyompima mtu mwingine yeyote.

3 Mei

Mvua. Mashamba yamegeuka maziwa. Hakuna aliyepanda.

11 Mei

Onyesho dogo kwenye maegesho ya kanisa. Bwana mmoja kutoka Fort Wayne alileta gari aina ya jeep linalong'aa mpaka ukijiangalia ubavuni mwake unaweza kunyoa ndevu.

"Rangi hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya gari la kifahari, mzee. Mikono saba. Si imependeza?"

"Imependeza mno. Kiwandani hawakuwa na muda wa mikono saba, walikuwa na vita. Alama nne."

Alinitazama kama nimemtukania mama. Watu wa nje hawaelewi kwamba kwetu gari linaweza kuanguka kwa kuzidi kama linavyoanguka kwa kupungua. Tunataka lilivyotoka kiwandani, na michirizi yake na matone yake ya rangi. Alama mia moja, tunakata kila kosa. Tisini na tano kwenda juu ni dhahabu.

Nilimkata alama mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo, kama siku zote. Jaji hagusi gari. Mwenyewe ndiye anayefungua boneti, ndiye anayeinua kiti. Na kila alama inayokatwa inasemwa kwa mdomo, mbele ya mwenyewe, kisha ndiyo inaandikwa. Kanuni hizo mbili niliziweka mimi. Tangu 1991 sijagusa hata tairi la mtu.

18 Mei

Gus Pacholski, mwenzangu wa kupima, amekuja kunywa kahawa. Gus alikuwa fundi bomba South Bend. Mimi naangalia, yeye anaandika. Miaka ishirini hatujagombana ila kuhusu kachumbari ya kabichi.

Tulizungumza habari za lori la Ruckle. Nilimkumbusha Gus yaliyopita, maana wakati ule hakuwa bado jaji. Mwaka 1996 Delbert alileta lori lake kwa mara ya kwanza. Lilikuwa zuri. Lakini alipoinua kiti cha dereva, sanduku la vifaa lililo chini yake lilikuwa jekundu ndani, wekundu wa kahawia, kama tofali. Lori lile lilikuwa la zimamoto wa kijijini kwa miaka kumi na tano baada ya vita, na zimamoto hupaka nyekundu kila kitu, wangeweza wangepaka hata maji. Nikasema hii ni ya zimamoto. Delbert akasema, "Hapana, Verlin. Hiyo ni praima, rangi ya chini ya kuzuia kutu. Kiwandani waliiacha hivyo hivyo." Hakuwa na picha wala karatasi. Mwongozo wetu wa kupimia magari ulisema kijani, na ukurasa ule niliuandika mimi. Nikakata tatu, akaishia tisini na tatu.

Mwaka uliofuata alirudi na sanduku la kijani, akapata tisini na sita. Nikampiga bega: "Unaona? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Alitabasamu tu.

"Kwa hiyo ulimpa dhahabu wewe," akasema Gus.

"Nilimfundisha," nikamwambia.

1 Juni

Jua, hatimaye. Kila mtu yuko juu ya trekta.

8 Juni

Lorraine alipika pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini. Hakuna zaidi.

14 Juni

Leo nitaandika sana.

Bibi mmoja, Imogene Fouts, miaka themanini na minane, anauza bustani yake ya matufaha karibu na mpaka wa Michigan, akaomba mtu wa chama aje aangalie "lori la baba". Nikaenda na Gus. Nilitarajia kutu na viota vya panya. Nikakuta lori la robo tatu ya tani la 1943, limesimama bandani tangu 1971, rangi yake ya kwanza bado ipo, imefifia na kukatika lakini ni ile ile. Baba yake alilinunua kwenye mnada wa jeshi mwaka 1946, akalitumia kunyunyizia dawa miti. Hakuwahi kulipaka chochote.

"Baba alikuwa bahili," Bi Imogene akasema. "Rangi angenunua ya nini, na lori linatembea?"

Nikamwambia Mungu ambariki bahili yule. Gari ambalo halijaguswa ndilo kitabu chetu kitakatifu. Nilizunguka lile lori saa nzima, mikono nyuma, nikimsomea Gus: boliti hizi sawa, kamba hizi sawa, kila nilichoandika kwenye mwongozo kipo mbele yangu kinanisalimia. Nilikuwa na raha isiyo kifani.

Kisha nikamwomba Bi Imogene ruhusa kiti kiinuliwe. Baba yake alikuwa amegongomelea ubao juu ya kiti, na chini yake kifuniko cha sanduku kilikuwa kimeshikwa na kutu. Mpwa wake akaleta mafuta na nyundo, akakifungua. Nadhani hakikuwa kimefunguliwa tangu vita.

Ndani palikuwa pekundu, rangi ya tofali.

Na juu ya wekundu ule, kwa wino mweupe, mhuri wa mkaguzi wa kiwanda: namba yake na mwezi wa tatu 1943. Mhuri umegongwa juu ya praima. Hakuna kijani juu yake, hakuna kijani chini yake. Mkaguzi aliliona jekundu, akaliridhia, akagonga mhuri, akaenda kula chakula chake cha mchana. Mimi nilikuwa mkaguzi maisha yangu yote, najua mhuri unasema nini.

Gus hakuandika kitu. Alikaa tu na penseli.

"Pengine ni hili moja," nikasema.

"Pengine," akasema Gus.

Bi Imogene akauliza kama kuna kasoro. Nikamwambia gari halina kasoro yoyote.

15 Juni

Siku ya Baba. Watoto wamepiga simu. Nimekula nyama choma nyingi mno. Lori moja halitoshi kubadili mwongozo. Kiwanda kinaweza kuwa kiliishiwa kijani siku ile.

19 Juni

Nimewaandikia watu tisa wenye malori ya aina hii, nikawaomba wakwangue kidogo ndani ya sanduku, kwenye pembe, kwa ukucha tu.

26 Juni

Majibu sita. Wote wamekuta wekundu chini ya kijani. Yule wa Nebraska ameandika hivi: "Mzee Stoltz, kijani nilipaka mwenyewe mwaka 2003 kwa sababu mwongozo wako ulisema. Chini yake kulikuwa na mhuri. Nilidhani ni uchafu, nikausugua ukatoka." Gari lake halijawahi kuwa la zimamoto.

Kwa hiyo hakuna kuishiwa kijani. Nimekosea. Naiandika hivyo hivyo ilivyo kwa sababu nikiizungusha nitajidharau. Nilikosea, na kwa ukurasa mmoja nimewafanya watu wazima nchi nzima wafute kwa mikono yao kitu kilichokuwa kimehifadhika miaka hamsini. Na Delbert alinieleza usoni.

27 Juni

Gus alikuja jioni. Ushauri wake: tusubiri.

"Kikao cha mwongozo ni Novemba, bwana mkubwa. Tutarekebisha Novemba. Ukibadili sasa, binti wa Ruckle anaingia Agosti na sanduku la kijani, na unamkata. Unamkata kwa rangi uliyomlazimisha baba yake. Umeshawahi kuona kituko kama hicho?"

"Nikijua kosa leo, nitapimaje kesho kama sijui?"

"Kwa kufumba jicho moja. Wenzako wote hufumba."

"Mkuki kwa nguruwe," nikamwambia. "Yule wa Fort Wayne nilimkata nne kwa mng'aro. Hakuna jicho lililofumbwa pale."

Gus alikunywa bia yake akaiweka. "Basi shauri yako. Lakini mimi ndiye nitakayesimama karibu yako huyo binti akikupiga kwa jeki."

4 Julai

Mahindi yamepita magoti, pamoja na mvua ile yote. Fataki za sikukuu ya uhuru zimemtisha mbwa.

9 Julai

Barua ya marekebisho imetoka kwa wanachama wote. Lorraine aliisoma kabla sijaituma.

"'Imebainika kwamba ukurasa wa kumi na nane ulikuwa na kosa,'" akasoma. "Imebainika na nani? Kosa hilo lilijizaa?"

"Ndivyo barua za chama zinavyoandikwa."

"Miaka yote unawatajia watu makosa yao mbele ya wake zao. La kwako limekosa jina?"

Niliituma ilivyo. Ana haki, lakini niliituma ilivyo.

12 Julai

Marcy Ruckle amepiga simu. Anafundisha hisabati sekondari, na anaongea kama anayekungojea uifikie hesabu mwenyewe.

"Nimeisoma barua, Mzee Verlin."

Nilimwambia ana wiki sita. Akwangue kijani, apake praima, kazi ya siku mbili, nitampa hata namba ya rangi.

"Baba aliambiwa apake," akasema. "Mimi sipaki tena."

"Basi litaingia kosa, mwanangu."

"Utakata?"

"Nitakata."

"Mbele yangu?"

"Kanuni ni mbele ya mwenye gari."

"Vizuri. Tutaonana Agosti." Akakata simu, bila hasira. Ingekuwa heri angekasirika.

20 Julai

Joto kali. Nimepima magari matatu Goshen. Yote fedha, hakuna dhahabu. Mkono wangu haujatetereka, ikiwa kuna mtu anauliza.

2 Agosti

Nilipitia makaratasi ya zamani nikaikuta fomu ya Delbert ya 1996. Mwandiko wangu: "Sanduku la vifaa, rangi ya zimamoto, -3. Mwenye gari anabisha." Hiyo "anabisha" imeniuma kuliko ile tatu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilidhani mtu akisema asichokuwa na karatasi yake basi hana anachokijua. Delbert alikuwa amelala chini ya lori lile miaka sita akilisafisha kwa mswaki. Mimi nililiangalia dakika arobaini.

Zamani nikimfikiria nilikuwa nikiona mtu mpole aliyekubali kufundishwa. Sasa nakumbuka lile tabasamu, na sina hakika kama alikuwa ananikubalia.

16 Agosti

Mahindi matamu ya kwanza kutoka kwa jirani. Tumekula sita sita.

22 Agosti

Kesho. Penseli nne zimechongwa. Viatu vimepigwa rangi. Lorraine ameuliza nitasema nini. Nimemwambia nitasema kilichopo, sijui kusema kingine.

23 Agosti

Tulianza saa mbili asubuhi, umande bado umo kwenye majani. Hadi saa sita tulikuwa tumepima magari kumi na manne, na niseme wazi kwamba nilikuwa katika ubora wangu. Nilimkamata mtu mwenye taa za baada ya vita kutoka hatua kumi.

Lori la Ruckle lilikuwa safu ya nne, chini ya kivuli cha jukwaa. Marcy alisimama hatua tatu pembeni, kama inavyotakiwa, na kofia ya baba yake kichwani. Watu walikuwa wamekusanyika, wengi kuliko kawaida, maana barua ya Julai kila mtu ameisoma na midomo haina pazia.

Injini, safi. Waya, sawa. Turubai, sawa. Delbert alikuwa ameacha michirizi ya rangi nyuma ya mlango kama ilivyotoka kiwandani. Wengine wote huisugua. Nilimwambia Gus kwa sauti, "Andika kwamba haya ni mazuri." Fomu haina nafasi ya kuandika hivyo, lakini Gus akaandika pembeni.

Tatu zilikatwa: moja kwa kioo, mbili kwa matairi. Tisini na saba.

"Tafadhali inua kiti," nikasema.

Akainua. Akafungua kifuniko. Kijani. Nikainama, mikono nyuma, miwani puani. Safari hii sikuangalia rangi peke yake. Mwaka 1997 nilitafuta kijani, nikakiona, nikafurahi. Leo niliangalia bati lenyewe. Vidoti vya kuchomelea vilikuwa mbali mbali, vidole vitatu, na vya mwaka 1943 viko vidole viwili. Bawaba zilikuwa za lori la baada ya vita.

Nikasimama. Mgongo uliuma.

"Alama mbili, rangi ya ndani ni kijani, inatakiwa praima," nikasema. "Alama moja, sanduku lenyewe si la gari hili. Tisini na nne."

Wakaguna nyuma yangu. Gus aliandika. Hapo ndipo jaji anapotakiwa kusogea gari linalofuata. Sikusogea.

"Kuna la kuongeza," nikasema, na nilisema kwa sauti ya uwanjani, ile ninayotumia kwenye upepo. "Kosa la rangi si la Delbert Ruckle. Ni langu mimi, Verlin Stoltz. Mwaka 1996 alileta sanduku jekundu akaniambia ni praima ya kiwandani. Nikamwambia ni ya zimamoto, nikamkata tatu. Yeye alikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Nilipaswa kumwambia akiwa hai."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama mbele ya watu themanini.

Marcy alinitazama hivi anavyotazama, akingoja kama kuna hesabu nyingine.

"Sanduku si la gari hili," akarudia. "Umelitambua leo."

"Nimelitambua leo."

"Imekuchukua miaka ishirini na minane, Mzee Verlin." Hapo ndipo alipotabasamu, na lilikuwa tabasamu lile lile la baba yake, neno kwa neno, kama tabasamu lina maneno.

Akaenda nyuma ya lori, akarudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi la jeshi. Akakiweka juu ya bampa, akalifunua. Sanduku la vifaa. Jekundu kama tofali ndani, na kwenye pembe, wino mweupe umefifia: namba, na mwezi wa sita 1943.

"Hakulipaka," akasema. "Alilitoa akaliweka juu ya dari ya banda. Hilo la kijani alilitoa kwenye gari bovu huko Ohio, akalipaka kwa ajili yako. Medali uliyompa hakuitundika hata siku moja. Ilikaa kwenye droo ya misumari."

Gus akakohoa. "Dada, ungelifunga hili asubuhi tungekupa tisini na saba. Dhahabu."

"Najua. Najua kujumlisha." Alikuwa akimjibu Gus lakini ananiangalia mimi. "Nilitaka nione kama atakata. Kuna mtu wa Kentucky anataka kulinunua lori, nilimwambia nitampa jibu Jumatatu. Mzee Verlin angefumba jicho leo kwa ajili ya kunihurumia, ningeliuza. Nisingekuwa na sababu ya kulileta hapa tena."

Nilimwambia kwamba alama ikishasemwa imesemwa, hatuwezi kuibadili leo. Mwakani alete.

"Iacheni tisini na nne," akasema. "Hiyo alama ni yako. Si ya baba."

Watu wakacheka, na mimi pia, ingawa macho yalikuwa yananisumbua. Nilimwomba Gus aiandike kwa kalamu ya wino.

Kisha Marcy akafungua mfuko wa spana wa baba yake, akachagua moja, akanishikisha kwa upande wa mpini.

"Wewe ndiye uliyemfanya alitoe," akasema. "Lirudishe."

Gus akaniangalia. Kila jaji uwanjani akaniangalia. Mikono yangu ilikuwa bado nyuma ya mgongo, kwa mazoea, kidole kimoja kimeshika kingine. Miaka thelathini na minne bila kugusa gari la mtu. Kanuni niliitunga mwenyewe.

Niliipokea spana. Nilifungua boliti nne za sanduku la kijani, nikalitoa, nikaliweka majanini. Marcy alinishikia lile jekundu, na nikalitelezesha mahali pake, likaingia bila kubishana. Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilitaka kuikaza kwa nguvu zangu zote.

"Usiikaze sana," Marcy akasema. "Alikuwa haikazi sana."

Nikaiacha pale alipokuwa akiiacha.